Jibu: Mukirane alikuwa mwanasiasa au mwasi tu?

Ndugu, umeuliza kama Isaya Mukirane, kiongozi wa Rwenzururu, harakati ya Wakonzo wa milima ya Ruwenzori magharibi mwa Uganda, aliwahi kuwa mwanasiasa kweli, au alikuwa mtu wa msituni tu. Alikuwa mwanasiasa hasa, na inaniuma watu wanapolisahau hilo.

Alianza kama mwalimu. Mwaka 1954 alimwongoza mwandishi Mwingereza, Tom Stacey, kuzunguka milima ya Ruwenzori. Baadaye akaingia Rukurato, baraza la ufalme wa Toro, kuwasemea Wakonzo. Ombi lao halikuwa kubwa: katiba ya Toro iwataje Wakonzo na majirani zao Waamba sawa na Watoro, kabila la ufalme huo. Wakakataliwa. Mwaka 1962 yeye na wenzake wakatoka barazani, kisha wakakamatwa. Alipopewa dhamana hakurudi mahakamani, akapanda mlimani.

Tarehe 30 Juni 1962 Rwenzururu ikatangaza uhuru wake, miezi mitatu na ushee kabla ya Uganda yenyewe! Huko juu walikusanya kodi na kuendesha mahakama na shule. Ukiniuliza mimi, hiyo ni serikali, si genge.

Mukirane alifariki 1966 akiwa mfalme wa watu wake. Mwanawe Charles Mumbere akarithi angali mtoto wa miaka 13, akashuka mlimani 1982 baada ya makubaliano na serikali ya Obote.

Wilaya yao wenyewe, waliyoililia wakoloni wakawanyima, ilipatikana 1974 chini ya Amin, ndiyo Kasese ya leo, na Waamba wakapata Bundibugyo. Ufalme wenyewe wa Rwenzururu ulitambuliwa na serikali 2009.