Jenereta ya nyumbani hapa Mombasa huharibiwa na kukaa, si na kazi

Ndugu uliyeuliza kutoka Bamburi: jenereta yako ya petroli ya KVA 3 imekaa miezi kadhaa bila kuguswa. Sasa inawaka kwa choki tu, ukirudisha choki inazima, na hata ikinguruma haitoi stima. Hayo ni maradhi mawili, na yote huletwa na kukaa. Usikubali kuuziwa AVR (kifaa kinachodhibiti volti) wala kabureta mpya kabla hujapitia haya.

Anza na kabureta. Choki hupunguza hewa, ndiyo maana injini inavumilia yale mafuta machache yanayopenya kwenye jeti iliyoziba, yaani kile kijiti chenye tundu linalopitisha petroli. Funga koki ya tangi, tega kikopo chini, kisha fungua bolti ya chini ya bakuli la kabureta kwa spana namba 10. Litazame bakuli kabla hujalifuta. Utando wa rangi ya chai unaonata ni petroli iliyochacha. Unga mweupe wenye vishimo chini yake ni maji, na hapo kuosha kabureta peke yake hakusaidii. Tangi lililo nusu huvuta hewa yetu yenye unyevu, likipoa usiku maji hushika kwenye kuta zake na kuteremka. Mwaga petroli yote, osha tangi kwa petroli safi, mulika tochi ndani uone kama limeshika kutu.

Jeti zote mbili zitolewe kwa bisibisi na zipulizwe dawa ya kusafishia kabureta. Ile ndogo ndiyo inayoziba kwanza, na tundu lake ni jembamba kama unywele. Izibue kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa stima. Sindano ya kushonea usiitumie kabisa: chuma kigumu hupanua tundu, kisha injini itatoa moshi mweusi na kula mafuta mpaka ununue jeti nyingine.

Kabla ya kuvuta kamba, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli na oili imepanda kuliko alama, vali ya kabureta ilikwama wazi na petroli imeshuka hadi kwenye injini. Ibadilishe oili yote hata kama ni ya juzi, maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi chochote.

Sasa stima. Angalia kwanza swichi ya usalama kwenye paneli, huenda imejikata tu. Kama iko sawa, fungua kifuniko cha nyuma cha oltaneta, sehemu inayozalisha stima. Kwenye mashine yenye brashi utaona brashi mbili za kaboni zikigusa pete mbili za shaba. Hewa ya chumvi huzipaka pete hizo kutu ya kijani na brashi hushindwa kugusa vizuri. Injini ikiwa imezimwa, zisugue kwa msasa laini wa namba 400, pangusa vumbi, na hakikisha brashi zinasukumwa na springi zake bila kukwama.

Ikiwa bado hakuna kitu, huenda roto, ile sehemu inayozunguka, imepoteza sumaku iliyobaki ndani yake, jambo la kawaida kwa jenereta iliyokaa sana. Weka alama kwenye nyaya za brashi, zichomoe kutoka kwa AVR, kisha zipe volti 12 za betri ya gari kwa sekunde tatu hivi, chanya kwa chanya. Zirudishe, washa, pima. Unatafuta volti kama 240, na hezi kati ya 50 na 52 bila mzigo. Jenereta isiyo na brashi hutumia kapasita, na kapasita hushika chaji hata mashine ikiwa imezimwa. Hiyo mwachie fundi.

Baada ya hapo, kila mwezi iwashe dakika 20 ikiwa na mzigo wa kweli, friji na feni kwa mfano. Joto la mzigo ndilo linalokausha unyevu kwenye koili. Ukitaka kuizima, funga koki na uiache imalize petroli iliyomo kwenye kabureta mpaka ijizimie. Kama itakaa zaidi ya mwezi, mwaga tangi pia. Oili ya kwanza ibadilishe baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au miezi sita, kinachotangulia. Injini za saizi yako nyingi huchukua kama lita 0.6 za oili ya 10W-30. Pengo la plagi liwe milimita 0.7 hadi 0.8. Kifuniko cha turubai nacho, ukikivisha mashine ikiwa bado moto, hufungia unyevu ndani.

Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili ni hatari kubwa. Stima hurudi kwenye laini na inaweza kumuua fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo, na umeme ukirudi koili zako huungua. Weka chenjiova, swichi ya kuchagua kati ya stima ya Kenya Power na ya jenereta, inayokata laivu na nyutro pamoja, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Moshi wa jenereta una gesi isiyonuka inayoua mtu usingizini, kwa hiyo gereji, baraza na roshani za fleti si mahali pake hata milango ikiwa wazi. Iwe mita sita au zaidi kutoka madirishani, ekzosi ielekee upande upepo unakokwenda. Mahali palipo salama wakati wa kusi huenda pakaingiza moshi chumbani kaskazi ikianza, kwa hiyo ihamishe upepo unapogeuka.