Picha inakwama kwenye zawadi: diski hiyo imetoka kiwanda gani?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi napiga video za harusi na sendofu hapa Sengerema. Sherehe nzima naiweka kwenye DVD moja, na wateja wanaipenda hivyo kwa sababu wazee wao bado wanatumia deki. Tangu nihamie duka jingine la DVD tupu huko Mwanza mjini, wateja wananirudishia kazi. Kanisani picha safi, ukumbini safi, ikifika kwenye zawadi inakatakata, kisha inaganda kabisa. Chapa ni ileile niliyoizoea. Kwenye kompyuta yangu zote zinacheza bila tatizo. Je, nimeuziwa feki? Na nitajuaje zimetengenezwa na nani kabla sijavuka tena na kivuko kwenda kununua mkebe wa 50? (Mpiga video, Sengerema)

JIBU: Marahaba kijana. Umenitajia dalili muhimu kuliko unavyodhani: zawadi. Zawadi hutolewa lini? Mwishoni, keki imeshakatwa na watu wameshakula. DVD nayo huchomwa kuanzia ndani, karibu na tundu, ikielekea nje. Kwa hiyo wajomba wako na majiko yao ya gesi wote wamekaa ukingoni. Diski ikijaa, data zinafika milimita 58 kutoka katikati, na plastiki yenyewe inaishia milimita 60. Diski dhaifu huanza kushindwa hapo hapo.

Sababu ziko kiwandani. Rangi inayochomwa na leza humwagwa diski ikiwa inazunguka, ikajisambaza yenyewe kwenda nje. Kiwanda kizembe hutoa diski ambayo rangi yake ni sawasawa katikati, ukingoni nene huku na nyembamba kule. Halafu kumbuka DVD ni vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 vilivyogundishwa, gundi ikiwa mbaya, au mkebe ukianikwa juani mezani kwa muuzaji, ukingo ndio unaopinda kwanza. Ongeza na haraka yako. Ukichagua kasi ya 16, ile 16x ya kwenye boksi, mashine huanza taratibu kule ndani na kuifikia hiyo 16 ukingoni tu, diski ikiwa inazunguka zaidi ya mara 9,000 kwa dakika. Yaani umekimbia kwa nguvu zote pale ambapo barabara ni mbovu.

Kompyuta yako inazicheza kwa sababu ndiyo iliyozichoma, na draivu ya kompyuta huvumilia makosa na kurudia kusoma mara nyingi. Deki ya mzee kijijini ina leza iliyochoka na vumbi la miaka. Haina huruma hiyo.

Sasa kuhusu chapa. Jina lililochapwa juu ya diski mara nyingi ni la mfanyabiashara, aliyeitengeneza ni mwingine. Memorex, kwa mfano, iliuza diski zilizotoka kwa CMC na zilizotoka kwa Ritek, viwanda viwili vikubwa vya Taiwan, ndani ya maboksi yanayofanana. Hata wenye viwanda vyao wamebadilika. Verbatim ilikuwa ya Mitsubishi Chemical ya Japani hadi 2019, ilipouzwa kwa CMC. Taiyo Yuden, Wajapani ambao sisi wachomaji tuliwaamini kuliko wote, waliacha biashara ya diski mwaka 2015. Moser Baer ya India, ambayo diski zake zilijaa sokoni kwa majina mengi, iliamriwa kufilisiwa mwaka 2018. Kwa hiyo ukiniambia “chapa ni ileile”, hujaniambia kitu. Boksi linaweza kubaki lilelile na kiwanda kikabadilika mara mbili.

Angalia kwanza maandishi madogo ya nchi kwenye karatasi ya mkebe. Hayakwambii kiwanda, lakini kama mikebe miwili ya chapa moja imeandikwa nchi tofauti, ujue ni diski mbili tofauti. Duka lisilo na karatasi hiyo kabisa, zile zilizofungwa kwa nailoni tupu, mimi hupita.

Kinachosema zaidi kimo ndani ya diski yenyewe. Kila DVD tupu ina msimbo wa kiwanda uliopigwa wakati wa kutengenezwa, na draivu huusoma ili ijue itumie nguvu gani ya leza. Pakua ImgBurn, ni programu ya bure, weka diski tupu, soma upande wa kulia. Ukiona MCC, hiyo ni asili ya Mitsubishi: MCC 004 kwa DVD+R za kasi 16, MCC 03RG20 kwa DVD-R. TYG03 au YUDEN000 ni Taiyo Yuden. CMC MAG na RITEK zinajieleza. MBI ni Moser Baer. Kwa CD hakuna herufi, kuna namba zilizoandikwa kama muda: 97:24:01 ni Taiyo Yuden, 97:15:17 ni Ritek, 97:26:66 ni CMC.

Lakini usiuchukue msimbo kama kiapo cha mahakamani. Msimbo ni maandishi kwenye bamba la kunakilia, ile kalibu inayopiga diski kiwandani, na mwenye bamba anaweza kuandika apendavyo. Misimbo ya Wajapani imeigwa sana, hasa ya Taiyo Yuden na MCC, kwa sababu hiyohiyo kwamba watu kama sisi tuliijua na kuitafuta. Ukikuta msimbo wa kiwanda kilichofunga 2015 ndani ya diski za bei ya kutupwa zilizoshuka dukani wiki iliyopita, cheka kisha ziache. Ubaya wa msimbo wa kuiga hauishii kwenye jina: draivu inadhani ni rangi ya Mjapani, inatumia nguvu ya leza ya Mjapani, na rangi iliyomo ni nyingine. Inaungua vibaya hata kama yenyewe isingekuwa mbaya sana.

Kwa hiyo fanya hivi. Usinunue mkebe, omba tano kwanza, na muuzaji anayekataa kukufungulia ana sababu zake. Zishike kwenye mwanga. Tafuta mapovu kwenye gundi, mistari kama ya maji ukingoni, rangi iliyokomea mapema upande mmoja. Nyumbani soma msimbo wa kila moja, maana mkebe uliochanganywa upo. Kisha choma moja ijae mpaka mwisho, kwa kasi ya 8 hata kama imeandikwa 16, na uruhusu ImgBurn ihakiki baada ya kuchoma. Kasi ndogo kupindukia nayo si dawa: rangi ya diski za 16 haikutengenezwa kwa kuchomwa taratibu sana. Kama una draivu inayokubali, Nero DiscSpeed itakuchorea makosa. Kiwango cha DVD kinaruhusu makosa ya PI, yale madogo ya kusoma ambayo draivu huyasahihisha yenyewe, yasizidi 280 kwa kila vipande 8 vya data vinavyofuatana. Diski nzuri hukaa chini sana ya hapo, na mchoro unaopanda kama mlima ukingoni umekwisha kukwambia habari za zawadi zako.

Halafu peleka diski hiyo kwenye deki mbovu kuliko zote mtaani. Wewe unaijua ni ya nani. Irukishe moja kwa moja hadi sura ya mwisho. Ikicheza pale, rudi ukanunue mkebe siku hiyohiyo, kwenye katoni ileile, kabla mzigo haujabadilika.

Mambo mawili ambayo hukuuliza. Chukua DVD-R, ile yenye kistari. Deki za zamani huielewa kuliko yenye alama ya kujumlisha. Na acha kujaza. Boksi linasema gigabaiti 4.7, kompyuta itakuonyesha 4.38 kwa sababu inahesabu kwa namna yake. Ukiishia 4 umeuacha ukingo wote mbaya. Sherehe ikizidi, weka diski mbili, kanisani na ukumbini, na bei iwe ya diski mbili. Ile karatasi ya gundi yenye picha ya maharusi unayobandika juu nayo iondoe. Inaipa diski uzito wa upande mmoja, na Sengerema kukiwa na joto inakunjamana na kuivuta plastiki. Kuna diski zenye uso mweupe wa kuchapia, nunua hizo.

SWALI: Fundi, kwaya yetu inatoa albamu. Mwenyekiti anataka CD za bluu, anasema za kijani ni dhaifu. Ni kweli? (Mwanakwaya, Bukoba)

JIBU: Mwenyekiti ana nusu ya ukweli. Bluu nzito juu ya fedha kawaida ni rangi ya azo, ile ya Mitsubishi. Ile unayoiona karibu haina rangi, kijani cha mbali, ni aina nyingine iitwayo fthalosianini, na kwa kukaa muda mrefu inasifika vizuri kabisa. Kuna CD za bluu mbovu na za kijani zitakazowazika wapiga kinanda wenu. Tena bluu ni rahisi kuiga. Kwenye DVD msihangaike na rangi hata kidogo, karibu zote ni zambarau.

SWALI: DVD za harusi yangu ya 2009 zimeanza kugoma. Ziliwekwa kwenye kabati la TV, dirishani. Nifanyeje? (Mama wa watoto wawili, Musoma)

JIBU: Pole dada. Dirishani ndiko kulikoziua, mwanga na joto huila rangi polepole, na unyevu wa ziwa huingia ukingoni kwenye gundi. Usiendelee kuzijaribu kwenye deki. Tafuta fundi mwenye draivu zaidi ya moja, kwa sababu diski inayokataliwa na draivu hii mara nyingi inasomwa na ile, na mwambie ainakili kwa programu inayoruka sehemu mbovu na kurudi baadaye. IsoBuster ni mojawapo. Kabla ya kumpelekea, ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka katikati kwenda nje kwa mstari mnyoofu, kamwe si kwa kuzungusha. Nakala iweke kwenye diski kuu (hard disk) na kwenye flashi, na moja mpe dada yako akae nayo kwake.