Ofisi imenunua zana ya kuandika msimbo: je, nibadili fani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nina mwaka mmoja kazini katika kampuni ndogo inayotengeneza programu. Tangu tuletewe zana ya akili mnemba inayoandika msimbo, yaani maagizo yanayoendesha programu, kazi iliyokuwa ikinichukua siku mbili inakwisha kabla ya chakula cha mchana, na meneja ameanza kuuliza kwa nini tuko sita. Je, nitafute fani nyingine? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, hasa kwa mtu wa umri wako kazini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliochambua kumbukumbu za mishahara za Marekani na kutoa matokeo Agosti 2025, waliona kuwa ajira za watengenezaji programu wenye miaka 22 hadi 25 zilikuwa zimepungua kwa karibu asilimia 20 tangu mwishoni mwa 2022, ilhali wenzao wenye umri mkubwa hawakuguswa hivyo. Zipo sababu nyingine, kwani riba nchini humo ilianza kupanda mwaka huohuo wa 2022, na mikopo ikiwa ghali kampuni husita kuajiri. Hata hivyo, kazi ndogondogo ambazo mgeni alijifunzia ndizo hasa mashine inazozimudu.

Lakini kasi hiyo ipimeni kwanza. METR, shirika la utafiti linalopima uwezo wa akili mnemba, lilipowapima watengenezaji programu 16 wazoefu mwaka 2025, walitumia muda mrefu zaidi kwa asilimia 19 walipokuwa na zana hizo, huku wenyewe wakiamini kwamba wameharakisha.

Chukua malipo ya simu, ambayo bila shaka unayafahamu. Ukiiomba zana ikuandikie sehemu ya kupokea taarifa za malipo, itakupa msimbo safi unaofaulu majaribio yote. Siku mtandao ukikatika, taarifa ileile hutumwa tena, na kama hakuna aliyeagiza namba ya muamala ikaguliwe kwanza, mteja aliyeweka shilingi 10,000 atajikuta na salio la 20,000. (Huyo, kwa kawaida, hapigi simu kulalamika.) Zana haikukosea sana, haikuambiwa.

Kwa hiyo usibadili fani bado. Omba upewe kazi ya kupitia msimbo wa zana na kufuatilia hitilafu zinazoripotiwa na wateja, tena ukae na watu wa uhasibu hadi uelewe fedha zinavyopita. Meneja akiuliza tena kwa nini mko sita, mwonyesheni orodha ya makosa mliyoyanasa kabla hayajamfikia mteja. Kama orodha hiyo haipo, anzeni kuiandika wiki hii.