Ushuhuda Mlioniomba Kutoka Italia

Bwana asifiwe, wapendwa. Mchungaji ameniomba niandike jinsi Mungu alivyonivusha huku Italia, isomwe siku ya akina mama. Halafu binti mmoja wa kwaya akanitumia ujumbe pembeni: "Dada, nifunge siku ngapi ili na mimi mlango ufunguke?" Nawajibu wote wawili humu humu.

Nianze na wewe wa kwaya. Usifunge kwa ajili ya viza. Mimi mwenyewe hufunga, lakini mtu wa Malindi, baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa Shakahola, ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, anapaswa kushtuka akisikia kufunga kunatajwa kama malipo ya kumdai Mungu. Kibali cha kazi kama yangu, kwa mtu aliye nje, hutoka katika mgao unaotangazwa na serikali, na mwajiri wa huku ndiye anayekiomba. Akitokea mtu wa kukurukisha hatua hiyo kwa laki tatu za uwakala, mkimbie, hasa akianza kwa kukuombea.

Sasa ushuhuda. Huku naitwa badante. Naishi na mzee nyumbani kwake, namwosha, nampikia, usiku naamka kumgeuza asipate vidonda vya mgongo. Mapumziko ni Jumapili na Alhamisi mchana. Jambo ambalo wengi hawalisemi wakija likizo ni kwamba kazi na kitanda huenda pamoja. Mzee akifa, umefiwa, huna kazi na unatafuta pa kulala, yote kwa mpigo.

Mimi yalinikuta 2020. Machi nchi nzima ilifungwa kwa ajili ya korona. Ukienda dukani unabeba karatasi uliyojaza mwenyewe: unatoka wapi, unaenda wapi, kwa sababu gani. Kuanzia tarehe 8 Machi hadi 18 Mei hapakuwa na ibada ya waumini, hata Pasaka. Bibi niliyemtunza alifia hospitali mwezi wa Aprili, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda kumuaga. Wanawe walitaka nyumba yao, na mshahara wangu wa miezi miwili wakakaa nao. Nikaenda kubanana na wenzangu wawili katika chumba cha dada mmoja Mnigeria.

Na huko nyumbani je? Kenya ilikuwa imesimamisha ndege za abiria za kimataifa tangu mwisho wa Machi, mpaka Agosti. Kila mwaka upepo wa kusi ukianza wageni hupungua, watu wakakopa dukani wakijua Julai Waitaliano watarudi. Mwaka ule Julai ilikuja mikono mitupu. Kaka yangu wa hoteli na kaka yangu wa tuktuk wote walirudi kula kwa mama, na mama akanipigia mimi. Nilikuwa nasema "Mungu ni mwema" kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kumaliza simu.

Mnauliza nilimtumainije. Ile amani ipitayo akili zote sikuiona. Nilikuwa na hasira, na maombi yangu yalikuwa Zaburi ya 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau", nikiyasema huku nakwangua sufuria. Sijui kwa nini kanisani kwetu zaburi hiyo haisomwi. Labda haipigiki makofi.

Yeremia 29:11 lakini tunaijua wote. Iko kwenye kalenda za walokole kuanzia Barani hadi Gongoni: mawazo ya amani, tumaini siku zenu za mwisho. Nami nilisafiri nayo. Chumbani mle ndipo nilipoisoma sura yote. Kumbe ni barua kwa watu waliohamishiwa Babeli! Mstari wa 8 unawaonya wasidanganywe na manabii na waaguzi, na wa 10 unawapa miaka 70. Sabini. Wengi waliosomewa barua ile walizikwa ugenini, na bado Mungu aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji uliowateka. Hapo nilipata pa kushikilia. Kama alikuwa na habari na watu ambao hawangerudi, basi ana habari na mimi hata nisipolipwa. Nikaanza kuuombea mji huu, na yule jirani wa chini asiyeitika salamu. Hajaitika mpaka leo.

Msaada ulikuja. Tambi na mafuta ya kula vilitoka Caritas ya parokia, shirika la misaada la Wakatoliki, mahali ambapo mimi Mwanglikana nilizoea kupapita tu, na ilibidi nitamke kwa mdomo wangu kwamba nina njaa. Mama mmoja wa chama cha wafanyakazi aliniandikia barua ya madai. Mwaka uliofuata nililipwa nusu. Nusu ya pili sijaiona, na sitasema nimeiona ili ushuhuda unoge.

Mchungaji, naomba usikate mahali. Na wewe binti, ukipata mwajiri mwenye mkataba wa maandishi, nitumie picha ya kila ukurasa kabla hujatia sahihi, nitaupeleka kwa yule mama wa chama ausome. Maombi yangu ni mawili: kibali changu cha kukaa kinahuishwa mwezi ujao, na goti la kushoto limeanza kugoma. Mchango wa jengo nitautuma Septemba. Mwezi huu kuna karo ya mtoto wa kaka.