Chumba cha Kushonea Nyumbani: Maswali ya Wasomaji wa Bukavu

Swali: Mama wa ukurasa huu, salamu nyingi. Ninaishi Kadutu katika nyumba ya mbao, na kwa kuwa watoto wakubwa wamehama, nimebaki na chumba kitupu cha nyuma chenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 na nusu. Kina dirisha moja, linaloelekea magharibi. Mama mkwe aliniachia cherehani ya kukanyaga, ambayo mpaka sasa nimeitumia barazani kwa kurekebisha nguo za nyumbani tu. Ninataka kushona mifarishi ya viraka kutokana na mabaki ya vikwembe, yaani vitenge, ambayo nimeyakusanya kwa miaka mingi. Kushona ninajua, lakini kupanga chumba sijui. Nianze kwa kununua nini, na kila kitu nikiweke wapi?
Mama wa Kadutu

Jibu: Mama, usianze kwa kununua. Kazi ya viraka karibu yote ni mshono ulionyooka, na kwa mshono ulionyooka cherehani ya kukanyaga inatosha kabisa, tena haijali kama umeme upo au umekatika. Unachokosa ni mwanga unaofaa na meza pana ya kukatia. Wengi huweka akiba ili wapate cherehani mpya yenye mishono ya mapambo, kisha wanaendelea kukata vitambaa wakiwa wamepiga magoti sakafuni. Kwa maoni yangu hiyo ni fedha iliyopelekwa mahali pasipostahili, kwa sababu kiraka kilichokatwa vibaya hakirekebishwi na cherehani yoyote.

Tuanze na mwanga. Bukavu iko karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita karibu juu ya vichwa vyetu mwaka mzima, likiegemea kaskazini mnamo Juni na kusini mnamo Desemba. Dirisha linaloelekea kaskazini au kusini, likiwa na ukingo wa paa juu yake, hupata mwanga tulivu kutwa nzima. Lako la magharibi litakufaa asubuhi, lakini kuanzia saa tisa alasiri jua litashuka na kukuingia machoni, na kitambaa chochote kitakachoachwa mbele yake kitapauka, hasa kile cha buluu nzito. Tundika pazia jepesi jeupe ambalo unaweza kulivuta saa hizo. Kisha panga cherehani ili dirisha liwe upande wako wa kushoto, maana sindano iko kushoto mwa kichwa cha cherehani, na mwanga ukitokea kulia mkono wako utatia kivuli palepale unapohitaji kuona. Anayetumia mkono wa kushoto katika kukata na kushona kwa mkono atageuza mpango huo kwa kazi hizo mbili, lakini si kwa cherehani.

Kama paa lako ni la bati na unaweza kumlipa fundi kwa kazi ya saa chache, mwombe aondoe bati moja na kuweka la plastiki linalopitisha mwanga, juu ya mahali utakapokatia. Mwanga unaotoka juu hauna kivuli kirefu, na rangi mbili zinazofanana huonekana tofauti yake. Vitambaa vilivyohifadhiwa visikae chini ya bati hilo.

Meza ya kukatia ndiyo kiini cha chumba. Simama wima, kunja kiwiko, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko na upunguze sentimita 10 hadi 15: hapo ndipo uso wa meza unapotakiwa kuwa, na kwa wanawake wengi ni kati ya sentimita 85 na 95. Meza ya kulia chakula huwa na karibu sentimita 75, ndiyo sababu mgongo huuma baada ya kukatia juu yake nusu siku. Urefu wa ubao uwe sentimita 120, kwa kuwa vikwembe vingi vina upana wa sentimita 115 hadi 120, na kitambaa kikilala chote bila kuning’inia pembeni hakijivuti wala hakipindi unapokikata. Upana wa sentimita 80 unatosha. Chumba chako hakiwezi kubeba meza hiyo muda wote, kwa hiyo mwambie seremala aifunge ukutani kwa bawaba ili iinuliwe kazi inapoanza na ishushwe inapokwisha. Sisitiza kwamba bawaba zifungwe kwenye nguzo za ukuta, si kwenye mbao nyembamba zilizopigiliwa juu yake. Mbao hizo zitang’oka siku ya kwanza utakapoegemea meza kwa viwiko viwili.

Cherehani iwekwe ikigusa ukuta kwa nyuma. Mfarishi una matabaka matatu, yaani viraka juu, ujazo katikati na kitambaa cha chini, na ukifika kwenye hatua ya kuyashona yote pamoja utakuwa na mzigo mzito ambao, ukiachwa udondoke nyuma ya meza au kushoto, huvuta kitambaa, hupinda sindano na kufanya mishono iwe mirefu hapa na mifupi pale. Ukuta utazuia upande wa nyuma. Kwa upande wa kushoto weka sanduku la mbao lenye kimo kilekile cha meza ya cherehani, ambalo ndani yake utahifadhi vitambaa na juu yake mfarishi utapumzika. Upande wa kulia acha nafasi ya kutosha kwa gurudumu na mkanda, ili mkono wako usikwaruze ukuta kila unapoanza kukanyaga. Sakafu ya mbao mara nyingi haiko sawa: weka bakuli la maji juu ya meza ya cherehani, ukanyage taratibu, na utaona maji yanaegemea wapi na yanatikisika kiasi gani. Tia vipande vya mbao chini ya miguu mpaka yatulie.

Pasi iwe hatua mbili kutoka kwenye cherehani, kwa sababu kila mshono wa viraka hupigwa pasi kabla ya kushonwa na mwingine, na ukilazimika kwenda jikoni kila mara utaanza kuruka hatua hiyo. Ikiwa unatumia pasi ya makaa, iwashie nje mpaka makaa yawe mekundu yote na cheche ziishe, iingize ndani, iweke juu ya tofali wala si juu ya mbao, na ufute kitako chake kwa kitambaa kibovu kila unapoirudisha kwenye kazi, maana jivu dogo kwenye kitambaa cheupe hugeuka kuwa doa. Mlango na dirisha vikae wazi muda wote pasi inapokuwa ndani. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kidogo kilichofungwa gesi hiyo inaua. Siku za mvua na baridi, ambapo kila mtu hutaka kufunga, ndizo siku za hatari zaidi. Afadhali upige pasi barazani.

Juu ya ukuta uliobaki tundika blanketi kuukuu la flaneli. Viraka vya pamba hushika juu yake bila pini, nawe utaweza kurudi nyuma hadi mlangoni na kuona kama rangi zimekaa vizuri kabla hujashona hata kimoja. Jambo moja chumba hiki hakitaliweza: kutandaza mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 ili kuunganisha matabaka yake. Kazi hiyo ifanyie sebuleni baada ya kusogeza viti, kwenye mkeka safi, siku ambayo watoto hawapo.

Swali: Mama, dada yangu aliyeko Canada amenitumia cherehani ya umeme. Fundi mmoja wa hapa Nguba aliniambia niichomeke tu, mwingine akaniambia itaungua. Pia umeme wetu hukatika jioni nyingi, na ninafikiria kununua betri na paneli ya jua. Je, vitatosha kwa cherehani na pasi?
Mshonaji wa Nguba

Jibu: Fundi wa pili ndiye aliyesema kweli, na usiichomeke kabla ya kusoma kibao kidogo kilichopo chini ya cherehani au karibu na tundu la waya. Canada hutumia umeme wa volti 120, nasi tunatumia volti 220. Kikiwa kimeandikwa 120 V peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha volti. Cherehani ya nyumbani hutumia takriban wati 60 hadi 100. Nunua transfoma ya wati 300, kwa sababu ile inayolingana na cherehani kwa wati hupata joto haraka, na namba zinazoandikwa kwenye maboksi sokoni si za kuaminiwa sana. Kikiwa kimeandikwa 100–240 V, unahitaji kibadilishi cha plagi tu. Kama cherehani ina skrini na mishono ya kompyuta, ongeza stabilizata, yaani kifaa cha kutuliza volti, na ichomoe kila umeme unapokatika, kwa kuwa umeme ukirudi kwa kishindo ndipo vifaa hivyo vinapoharibika.

Kuhusu jua, hesabu yake ni rahisi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Cherehani ya wati 80 pamoja na taa ya LED ya wati 10 ni wati 90, na ukiondoa kinachopotea kwenye kigeuzi, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, utapata saa tano hadi sita za cherehani kuzunguka, ambazo ni nyingi kuliko zinavyoonekana, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yetu ni kukata, kupanga na kubandika pini. Pasi ni jambo jingine. Pasi ya umeme hula wati 1,000 au zaidi, na kuitoa kwenye betri hiyo ni kuvuta zaidi ya ampea 80 kwa mpigo: waya zitachemka na betri itakufa mapema. Piga pasi wakati umeme upo, au tumia ya makaa kwa uangalifu nilioueleza hapo juu.

Swali: Nilishona mfarishi wangu wa kwanza kwa vikwembe vipya. Baada ya kufuliwa, chekundu kilitia rangi kwenye cheupe, na viraka vingine vilijikunja. Vilevile vitambaa vyangu vinanuka uvundo msimu wa mvua. Nifanyeje?
Dada wa Bagira

Jibu: Kikwembe kipya huwa na wanga unaokifanya king’ae na kiwe kigumu, na pamba yake bado haijajikunja, yaani haijapungua ukubwa kwa kufuliwa. Ulishona vitambaa ambavyo kila kimoja kilikuwa kinangojea kujikunja kwa kiasi chake. Fua kila kitambaa peke yake kabla ya kukikata, ukianike na kukipiga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Kwa nyekundu na buluu nzito, rudia mpaka maji yatoke safi, kisha sugua kitambaa kwa kipande cheupe kilicholowa. Kipande kikishika rangi, kitambaa hicho kitumie kwa mikoba, si kwa mfarishi. Ukinunua pisi nzima ya yadi 6, ambayo ni karibu mita 5 na nusu, usiikate yote siku hiyo kwa furaha.

Uvundo unatokana na hewa iliyosimama. Mvua zetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na kitambaa kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki hubaki na unyevu ulioingia nacho. Weka vitambaa kwenye rafu za mbao zilizo mbali kidogo na ukuta wa nje na juu ya sakafu, vimefunikwa kwa shuka badala ya plastiki, na siku ya jua vitoe nje kivulini. Cherehani nayo ifute, itie tone la mafuta ya cherehani na kuifunika kwa kitambaa. Mafuta ya kupikia yasikaribie: hugeuka gundi.

Swali: Je, ni lazima ninunue kisu cha gurudumu, kile cha duara kinachokata kwa kuviringishwa, na mkeka wake wa kukatia? Ninaona ni ghali.
Msomaji wa Panzi

Jibu: Si lazima. Mkasi mkali usiotumiwa kukata karatasi kamwe, na kiolezo cha kadibodi ngumu, vitakufikisha. Ukinunua kisu, nunua na mkeka, la sivyo utaharibu meza na kisu siku moja, na ukifunge kila unapokiweka chini, hata kama unakirudia baada ya nusu dakika. Usahihi wenyewe uko kwenye mshono. Wengi huacha milimita 6 pembeni. Kwa hiyo mraba wa sentimita 10 hukatwa sentimita 11.2. Ukikosea milimita 1 tu kila upande, mstari wa miraba 12 utapungua au kuzidi sentimita 2.4, na mistari haitalingana. Bandika kipande cha utepe kwenye bamba la cherehani, milimita 6 kulia mwa sindano, na kitambaa kifuate ukingo wake.