Vyoo "vilivyojengwa karibu": kwa mnaoanza kuandika ripoti za wafadhili

Wadogo zangu mlioanza kazi mwezi huu, tangu Jumatatu nimesoma rasimu zenu nne. Bidii mnayo, na majedwali yenu yamekaa sawa. Lakini vivumishi na vielezi vya Kiingereza vinawaangusha palepale vilipotuangusha sisi, na sipendi muumie tulikoumia.

1. "Good" na "well". Hapa sikubali kisingizio. Husemi "mwalimu anafundisha mzuri". Unasema mwalimu mzuri, anafundisha vizuri. Ndiyo hivyohivyo: "a good teacher", "teaches well".

2. Kwenye vitenzi vya hisi, Kiswahili kinakupoteza. Tunasema chakula kinanukia vizuri, najisikia vibaya. Kiingereza hapo kinataka kivumishi: "smells good", "I feel bad".

3. "Friendly" ni kivumishi, ingawa mkia wake ni "-ly", ule wa vielezi vingi. Na "fastly" haipo; kielezi ni "fast" hiyohiyo.

4. Hili la "karibu" lisomeni polepole. Nikiwa mgeni kazini kama ninyi, niliandika ripoti ya awamu ya kwanza ya vyoo vya shule ya msingi. Matundu sita yalikuwa yamekamilika, milango imepakwa rangi ya bluu, na wasichana hawavuki tena barabara kwenda kuomba choo kwa majirani. Hilo la mwisho ndilo lililonifurahisha, nikataka mfadhili alione: vyoo vimejengwa karibu. Nikaandika "The toilets have been nearly built". Mimi nilisoma karibu na madarasa. Yeye akasoma kwamba ujenzi umekaribia tu kwisha. "Karibu" yetu ni moja, ya umbali na ya jambo ambalo halijatimia. Wenzetu wana "nearby" na "nearly", zinapishana herufi moja tu. Barua pepe ikaja kuuliza fedha zimekwenda wapi, na awamu ya pili, tangi la maji ya kunawa, ikasimamishwa. Mhasibu wetu, mama wa umri wa mama yangu, alishinda siku mbili akikusanya risiti za saruji na mabati kuthibitisha kazi niliyoikana kwa mkono wangu mwenyewe. Hakunikemea. Aliniwekea nakala ya ripoti mezani, neno lile kalipigia mstari kwa penseli. Nilirudi nyumbani nikalia. Fedha zilipofunguliwa, watoto walikuwa wamemaliza muhula mzima bila maji pale.

5. "Works hard" ni mchapakazi. "Hardly works" ni mtu asiyefanya kazi ila kwa nadra. Usije ukamharibia mtu barua ya mapendekezo.

6. Punguzeni "very". Juzi mmoja wenu kaandika "very very active participation". Nikamwita: mdogo wangu, walikuja wangapi? Akasema 82, na mawe ya msingi waliyabeba wenyewe kutoka mtoni. Nikamwambia, basi liandike hilohilo. Akazifuta "very" zote mbili, akaweka 82 na mawe.