Kabla hujagusa kitambaa cha nili kwa msasa

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu: alinunua pamba ya buluu dukani, akaisugua kwa msasa ili ipate uchakavu wa boro za Kijapani, yaani nguo kuukuu zilizotiwa viraka juu ya viraka, na alichoambulia ni matundu na vumbi. Wengi wanaopenda kutengeneza vitambaa vya namna hii vya kutundika ukutani hukwama papo hapo, na mkono wao hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye kitambaa.

Nili, rangi ya buluu ambayo kitambaa huchovywa ndani yake pipani, haifiki kiini cha uzi. Ikiwa pipani huwa imeyeyuka. Kitambaa kikitolewa, hewa huigandisha kwenye nyuzi za nje, na kila ukichovya tena unaongeza tabaka. Ndani hubaki weupe. Weupe huo ndio msasa unaoufichua. Rangi nyingine nyingi za viwandani hupenya uzi mzima, kwa hiyo ukisugua utapata manyoya tu, buluu ikibaki ile ile. Chomoa uzi mmoja pindoni, ukate kwa wembe, utazame ncha yake kwa kioo cha kukuzia. Usipoona weupe katikati, tafuta kitambaa kingine.

Ufumaji nao una neno. Uzi uliotengenezwa kwa mkono una vinundu, na msasa huanza na vinundu hivyo, ndiyo maana uchakavu hutokea kwa madoadoa. Kitambaa cha mashine kimelala sawasawa: huisha chote kwa pamoja, kisha kinatoboka. Mtazame Fukumoto Shihoko, msanii wa nili aliyezaliwa Osaka mwaka 1945, ambaye ametumia asa kuukuu kutoka kisiwa cha Tsushima. Asa ni kitambaa cha nyuzi za shina la mmea wa jamii ya bangi. Kwa kitambaa cha namna hiyo, nusu ya kazi ilishafanywa na mfumaji.

Kwa kipande cha sentimita 36 kwa 60 (vitambaa vya zamani vya Japani huwa na upana unaokaribia huo), kifue kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ukianike bila kukikamua. Kisiporudi sasa, kitarudi baada ya kushonwa na kukunjamana chote. Weka pamba nyembamba iliyokwisha kufuliwa kwa nyuma, mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) ufuate mtande, ushike kingo kwa bandi ya muda. Usishone katikati bado; msasa utakata uzi wako wote.

Tandika kwenye ubao laini. Tumia msasa wa maji namba 240, ule wa mafundi wa kupaka rangi magari, huku kitambaa kikiwa na unyevu kidogo. Nyuzi za asa na za pamba huwa imara zaidi zikilowa, hivyo uchakavu unakuja polepole na unaweza kuutawala. Fuata mtande, mapigo kumi, kisha inua uangalie kwenye mwanga. Mshindio (nyuzi zinazopita upana) ukianza kuonekana kama ngazi, acha hapo. Namba 80 usiiguse kabisa: inauma uzi kabla hujaona kitu. Ukisugua kikavu, vaa barakoa. Na asa kavu usiikunje, izungushe kwenye bomba, maana huvunjika kwenye mkunjo.

Viraka ndipo wengi wanapoharibu. Kule Aomori, kaskazini mwa Japani zilikotoka boro nyingi, baridi haikuruhusu pamba kustawi. Watu walivaa asa na kuongeza matambara ya pamba yaliyoletwa kwa meli, kwa ajili ya joto na uimara. Kiraka kilienda palipochoka. Basi kiweke palipokonda, kizidi eneo hilo kwa sentimita 3 kila upande, na kiwe laini kuliko kitambaa cha mbele. Kiraka kigumu huhamishia mkazo kwenye ukingo wake, na mchaniko mpya utaanzia hapo hapo. Viraka vinavyotawanywa kwa ajili ya pambo tu mimi sivikubali; macho huona mara moja kwamba havina kazi.

Sasa ndipo ushone: bandi ya milimita 3 hadi 4, mistari ikiachana sentimita 1, kwa uzi wa pamba usiosokotwa sana. Kila baada ya sentimita 10 nyoosha kwa vidole kuanzia mwanzo wa mstari, na mwishoni acha kitanzi kidogo nyuma kabla ya kugeuka. Bila kitanzi, kitambaa kitavutika na kufanya mawimbi.

Kutundika, shona mfuko wa sentimita 5 nyuma, juu kabisa, upitishe fito. Gundi hapana, wala ukuta unaopigwa na jua.